Opera na maiki: wafunge spika au waache koo lifanye kazi?

Kuna wanaosema opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa na kupigiwa okestra, itakufa isipokubali maiki, na kuna wanaosema siku ikikubali ndo imekufa. Nawaelewa wote ila mimi nina upande wangu.

Wengi hawajui kwamba kwenye jumba la opera mtu anaimba bila maiki kabisa. Metropolitan Opera ya New York ina viti karibu 3,800, pale chini kuna okestra nzima, kundi kubwa la wapiga ala, na matarumbeta yake, na bado baritoni, muimbaji wa kiume wa sauti ya kati, anasikika mpaka kule juu kabisa. Wala hapigi kelele. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye sauti za chini, hezi 500 hivi (hezi ni kipimo cha sauti, zikiwa nyingi sauti ni nyembamba), sasa muimbaji wa kiume aliyefundishwa anaikusanya sauti yake kwenye hezi 3,000 hivi, ambako okestra imeshalegea na sikio la binadamu ndo kali zaidi. Kufika hapo ni mazoezi ya miaka. Waliokulia kwenye kwaya za kanisani kabla maiki na spika hazijaingia watanielewa, siku hizi umeme ukikatika besi hazisikiki hata benchi la tatu.

Na watunzi walilijua hili. Monteverdi alitoa opera yake L'Orfeo mwaka 1607 kwenye jumba la mtawala kule Mantua, Italia, watu wachache tu, halafu 1637 Venice wakafungua ukumbi wa Teatro San Cassiano kwa yeyote mwenye hela ya tiketi, baadae kumbi zikakua na okestra nazo zikakua. Wagner, mtunzi wa Kijerumani, alipojenga ukumbi wake Bayreuth, 1876, akaizamisha okestra chini ya jukwaa ili isimeze waimbaji. Tatizo la sauti lilitatuliwa na fundi wa jengo.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Mwaka 1990 waimbaji wakubwa wa opera Pavarotti, Domingo na Carreras waliimba Roma, nje, usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Dunia, na maiki mbele yao, mamilioni wakaijua opera kupitia usiku ule, mnataka wangefanyaje? Mtunzi wa Kimarekani John Adams naye kwenye opera yake Nixon in China ya 1987 ameweka spika kama sehemu ya kazi yenyewe, na hapo sina ubishi kabisa, mtunzi kaamua. Pia kuna waimbaji wenye sauti tamu lakini ndogo, wanajua kuigiza mpaka unalia, ila wanaachwa kwa sababu ukumbi ni mkubwa. Hilo linaniuma kweli.

Lakini New York City Opera walipofunga mitambo ya kusaidia sauti ukumbini mwaka 1999 walilaumiwa sana, na mimi naona lawama zilikuwa na haki, kwa sababu ukishaongeza sauti ya mtu kwa mashine msikilizaji hajui tena ni nani anaweza na nani anabebwa, na mwanafunzi atajitesa miaka yote hiyo ya nini? Opera za watunzi wa zamani kama Verdi na Puccini ziachwe kavu, bila maiki.

Hao wenye sauti ndogo wapewe kumbi ndogo. Burgtheater ya Vienna, ambako Mozart alionyesha Le nozze di Figaro 1786, haikukaribia hata kidogo ukubwa wa ile Metropolitan. Shida ni kwamba ukumbi mdogo una tiketi chache na okestra inalipwa vilevile, kwahiyo bila ruzuku ya serikali haiwezekani, na ubishi wote huu wa maiki nyuma yake ni pesa.