Sindano za miaka mitatu kwa "mafua tu"

Nilipompigia mama yangu Tanga kumweleza kwamba tunafikiria kumwanzishia mjukuu wake sindano za aleji, na kwamba matibabu yenyewe ni ya miaka 3, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Miaka mitatu kwa mafua tu? Mwanangu, mtoto huyu alikuwa hapa mwezi wa sita kwenye arobaini ya babu yake. Hakupiga chafya hata moja."

Ni kweli, hakupiga. Wiki 2 nzima alicheza mpira kwenye vumbi, akalala kwenye godoro la zamani chumbani kwa bibi yake, na pua ikawa safi. Tuliporudi Uingereza mwishoni mwa mwezi uleule, kabla basi la kutoka uwanja wa ndege halijafika mjini, alikuwa ameshaanza kufikicha macho. Mama anauchukua ushahidi huo kuonyesha kwamba mtoto haumwi. Mimi nauchukua kuonyesha kwamba anaumwa na kitu kinachojulikana, chenye msimu wake na mahali pake: chavua, yaani unga wa maua, ya nyasi za huku, zinazochanua kuanzia katikati ya Mei mpaka Julai.

Nataka kueleza kwa nini nimeacha kusema "mafua tu", na kwa nini, baada ya kusitasita karibu mwaka mzima, sasa naegemea upande wa sindano.

Kijana wangu ana miaka 10. Alikuja huku na miaka 2, na miaka ya mwanzo hakuwa na tatizo lolote. Ilipoanza tulidhani ni baridi. Sasa naijua Juni yake kwa kila kitu. Asubuhi macho yamegandana kwa matongo, namfuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu ndipo yafunguke. Mchana kutwa anasugua pua kwa kiganja, akiisukuma kwenda juu, mpaka umemtokea mstari mwembamba unaoikata pua kwa upana, kama alama ya uzi uliokazwa. Daktari alipouona aliniambia hata asingehitaji kuuliza swali. Watoto wengi wenye ugonjwa huu wana mstari huo. Usiku analala mdomo wazi, anaamka na koo kavu, na saa nne asubuhi mwalimu anamkuta amelalia dawati.

Kisha nikamwongezea tatizo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nampa Piriton, kwa sababu ndiyo dawa niliyoikuta nyumbani kwetu tangu utoto, inauzwa kila duka la dawa. Piriton inaleta usingizi, na mtoto aliyekosa usingizi usiku nikawa namlaza tena mchana darasani. Baadaye nikasoma utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa hapa Uingereza kwa wanafunzi wa miaka 15 hadi 17. Walilinganisha matokeo yao ya mitihani ya majaribio ya wakati wa baridi na ya mitihani yenyewe ya kiangazi. Waliokuwa na dalili za mzio, yaani aleji, siku za mtihani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa karibu asilimia 40, wa kushuka daraja katika somo mojawapo. Kwa waliokuwa wakinywa dawa za mzio zinazoleta usingizi, ilikuwa karibu asilimia 70. Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Nchi hii imeweka mitihani yake mikubwa katika miezi ileile ambayo nyasi zinamwaga chavua, na mwanangu ataikabili mitihani hiyo kila mara pua ikiwa imeziba.

Lakini sikukimbilia sindano, na ningemwomba mzazi yeyote asizikimbilie. Daktari wa familia alitubadilishia kwanza dawa, akatupa setirizini, ambayo kwa watoto wengi hailetei usingizi kama ile ya zamani, pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupuliza puani. Hii ya puani ndiyo dawa yenye nguvu zaidi kwa pua iliyoziba, na sisi tulikuwa tunaitumia vibaya. Nilikuwa nampulizia siku akizidiwa tu, anainua kichwa juu, anavuta kwa nguvu, dawa yote inaishia kooni na analalamika uchungu. Muuguzi alimkalisha akamfundisha upya: inamisha kichwa kidogo mbele, mkono wa kulia unapuliza tundu la kushoto, mkono wa kushoto tundu la kulia, mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio wala si katikati ya pua, kisha vuta pumzi taratibu kama unanusa ua. Kila siku bila kuruka, na kuanza wiki 2 kabla ya msimu. Ukisikia ladha kooni, dawa imepotea njia. Nawajua wazazi wengi walioniambia "ile ya kupuliza haisaidii". Nilipowauliza wanaipulizaje, walikuwa wanafanya kama mimi.

Ilisaidia, ila haikutosha. Misimu 2 tumeifuata sawasawa na pua imefunguka, lakini macho bado, na msimu uliopita kifua kilianza kupiga filimbi jioni akitoka kucheza. Hapo ndipo tulipopelekwa kwa daktari wa mzio.

Kipimo cha ngozi nilikuwa nakiogopa kuliko mtoto mwenyewe. Siku kadhaa kabla yake alikuwa ameachishwa setirizini, maana ingeficha majibu. Muuguzi alimwandika namba kwa kalamu kwenye mkono, kuanzia kiwiko kwenda kwenye kifundo, akadondosha tone pembeni ya kila namba, kisha akachoma kila tone kwa kijisindano kidogo mno, hata damu haikutoka. Tone moja lilikuwa maji ya chumvi, lisilopaswa kuvimba. Jingine lilikuwa histamini yenyewe, ile kemikali ya mwili inayoleta mwasho, lililopaswa kuvimba. Tukangoja robo saa. Utitiri wa vumbi, kimya. Paka, kimya. Nyasi ilipanda mbele ya macho yetu kama pale mbu wa Tanga anapouma, katikati peupe, pembeni pekundu, ikaipita hata ile ya histamini. Mtoto akaniambia kwa sauti ya ushindi kabisa, "Mama, umeona? Sikuwa naigiza." Lile neno lilinichoma. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia anaigiza, lakini mtu alimwambia, au uso wangu ulimwambia.

Sasa sindano zenyewe. Kinachoingizwa mwilini ni kilekile kinachomdhuru, chavua ya nyasi iliyotengenezwa kuwa dawa, kwa kiasi kidogo sana kinachopandishwa hatua kwa hatua. Nilimweleza mwanangu hivi: mwili wako una mlinzi mpya getini anayempigia filimbi muuza maziwa kila asubuhi akidhani ni mwizi. Tunamleta muuza maziwa kidogo kidogo, kwanza kwa mbali, halafu karibu, mpaka mlinzi amzoee. Kitaalamu, mwili unaotoa kingamwili za IgE, zile zinazoleta mzio, unafundishwa kutoa nyingine zinazozuia ule ugomvi.

Wazo hili lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon, wa hospitali ya St Mary's hapa London, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwachoma wagonjwa maji ya chavua ya nyasi. Alipima maendeleo yao kwa kuwadondoshea chavua jichoni. Alidhani chavua ina sumu, na hapo alikosea, lakini tiba ilifanya kazi. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1913, mwenzake John Freeman akaiendeleza. Kwa hiyo anayeniambia "hivyo ni vitu vipya vya Wazungu, wanawajaribia watoto", namjibu kwamba vina umri mkubwa kuliko babu yake.

Hatari ipo, na sitaipaka sukari. Unamchoma mtoto kitu ambacho mwili wake unakipiga vita, kwa hiyo mwili unaweza kulipuka: vipele, kubanwa kifua, shinikizo la damu kushuka. Mwaka 1986 kamati ya usalama wa dawa hapa Uingereza ilitoa onyo baada ya kukusanya taarifa za vifo 26 tangu 1957, na wengi wa waliokufa walikuwa na pumu. Tangu hapo sindano hizi ziliondoka kwa madaktari wa mtaani zikahamia kwenye kliniki zenye adrenalini na watu wanaojua kufufua mgonjwa. Siku hizi mtoto anapimwa pumzi kwanza. Akiwa amebanwa, hachomwi siku hiyo. Baada ya kuchomwa anakaa palepale, kwetu tumeambiwa saa nzima. Tafiti za madaktari wa Marekani kwa miaka ya 1990 hadi 2001 zilikadiria kifo kimoja katika sindano milioni 2.5 hivi. Namba hiyo ni ndogo, na mama hasomi namba ndogo anapomtazama mwanawe. Kilichonituliza ni kujua kwamba hatari kubwa ina jina, pumu isiyodhibitiwa, na kwamba hilo liko mikononi mwetu kulishughulikia kabla.

Hapa nitoke nje kidogo, kwa sababu ni jambo linalonikera. Dada mmoja tunayeswali naye aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Mbona ipo sindano moja tu, unachoma kabla ya kiangazi, msimu mzima umepona?" Ipo, lakini si hii. Ile ni steroidi ya kudumu muda mrefu inayochomwa kwenye msuli. Haifundishi mwili chochote, inauzima tu kwa wiki kadhaa, na inaweza kuzilaza tezi zinazotengeneza steroidi za mwili wenyewe. Haina kibali cha kutibu ugonjwa huu hapa, na hospitali za NHS, yaani za serikali, haziitoi kwa kazi hiyo, ndiyo maana inatafutwa kwenye maduka ya urembo. Kwa mtoto anayekua, tafadhali, hapana.

Ipo pia njia ya tatu, kidonge cha chavua kinachoyeyuka chini ya ulimi, kila siku, kuanzia miaka 5. Cha kwanza kinanywewa mbele ya daktari, vilivyobaki nyumbani. Mdomo unawasha mwanzoni, lakini madhara makubwa ni nadra kuliko ya sindano. Daktari alituambia tuchague. Nimefikiri sana kuhusu hili, kwa sababu kwa usalama kidonge kinashinda. Ila mimi nafanya kazi ya kulea wazee zamu za usiku, baba yake anatoka alfajiri, na kidonge cha kila siku kwa miaka 3 ni vidonge zaidi ya 1,000 ambavyo lazima mtu mzima avisimamie. Utafiti wa mwaka 2017 kwa watu wazima 106 ulionyesha kwamba waliotumia kidonge miaka 2 tu kisha wakaacha, mwaka uliofuata hawakuwa na nafuu inayowatofautisha na wasiotumia. Kwa hiyo kuanza na kuishia njiani ni kumtesa mtoto bure. Nyumba yetu naijua. Miadi ya hospitali hatuikosi; kidonge tutakisahau.

Nilitamani pia kuamini kwamba sindano zitamkinga na pumu. Kuna utafiti wa Ulaya kwa watoto 205 ambao waliochomwa miaka 3 walipata pumu kwa uchache hata miaka 10 baada ya kuanza, lakini wenzao hawakupewa sindano bandia za kulinganisha, walijua kabisa hawakuchomwa. Utafiti mkubwa zaidi, wa watoto 812 waliotumia vidonge, haukuonyesha kwamba pumu ilichelewa kuanza, ingawa dalili za kifua na matumizi ya dawa vilipungua. Basi sifanyi uamuzi huu kwa ajili ya pumu. Naufanya kwa ajili ya Juni yake, usingizi wake, na mitihani yake.

Na kwa wenzangu mlio pwani kule nyumbani: msichukue dawa yetu. Kwenye joto na unyevu wa Dar au Mombasa, pua inayotiririka mwaka mzima mara nyingi ina kesi na utitiri wa kitandani au mende, si nyasi. Sindano ya nyasi haitamsaidia mtoto huyo hata tone moja. Pimeni kwanza.

Mwanangu mwenyewe tulimkalisha mezani na kalenda. Kila wiki kwa miezi ya mwanzo, halafu kila mwezi. Alihesabu kwa kidole, akafika karibu 50. Akanyamaza. Nilimwambia akisema hapana, ni hapana, na nilimaanisha. Akauliza kama baada ya hapo ataweza kucheza mpira mwezi wa sita bila kufunga miwani. Nikamwambia huenda, si lazima, na kwamba wengine hawapati nafuu. Akasema tujaribu.

Hatuanzi sasa. Msimu huu kazi ni kifua: dawa ya pumu kila asubuhi na jioni, steroidi ya pua kuanzia siku ya kwanza ya Mei, na daftari la kuandika kila jioni aliyokohoa. Septemba, nyasi zikiwa zimetulia, tunarudi kliniki. Kifua kikiwa shwari, tunaanza.

Nilimpigia mama tena jana kumweleza yote haya, mpaka mlinzi na muuza maziwa. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na Desemba mkija huku mwezi mzima, hiyo sindano ya mwezi itakuwaje?" Sikuwa nimelifikiria. Nimeliandika kwenye karatasi ya maswali ya daktari, la kwanza kabisa, juu ya yangu.