Mazoezi ya Wazee na Ahadi ya Kutosahau

Mzee wa Tanga akianza kusahau majina ya wajukuu, siku hizi ushauri wa kwanza anaopewa ni mazoezi: atembee alfajiri mpaka Raskazone, asiiache baiskeli, akili itachangamka. Ushauri huo naukubali. Kinachonitia wasiwasi ni ahadi inayoambatana nao, kwamba anayetembea hapatwi na usahaulifu wa uzeeni.

Wanaoahidi hivyo hawajazua. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 waliogawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitembea kwa kasi dakika 40, mara tatu kwa wiki. Jingine lilinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kujenga kumbukumbu mpya, ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa watembeaji na kupungua kwa asilimia 1.4 hivi kwa wenzao. Habari hii ikisimuliwa, aghalabu hukatwa hapo. Katika jaribio la kumbukumbu makundi yote mawili yalipiga hatua, na watembeaji hawakuwapita wenzao.

Mwaka 2015 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa Wamarekani 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89 waliozoea kukaa tu. Kwa miaka miwili kundi moja lilifanya mazoezi ya kutembea na ya nguvu, jingine likapewa mafunzo ya afya. Uwezo wao wa akili haukutofautiana.

Lililonigusa zaidi limetoka Uingereza. Watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 walifuatiliwa kwa miaka 28 hivi, na waliokuja kupata demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, walionekana kupunguza shughuli za mwili hadi miaka 9 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Mfikirie mzee wa Ngamiani aliyeiegesha baiskeli yake asiiguse tena. Miaka inapita, anaanza kupotea njia akitoka msikitini, na jamaa wanasema: alipoacha baiskeli ndipo akili ilipoanza kuondoka. Huenda ilikuwa kinyume. Ugonjwa ulishaingia kimyakimya, nao ndio uliomfanya aiache. Maneno hayo ya jamaa yanaumiza, kwa kuwa yanamgeuza mgonjwa kuwa mkosaji. Mama wa Muheza aliyelima na kubeba kuni maisha yake yote naye aweza kupata demensia. Ataambiwa hakutembea vya kutosha?

Hata hivyo, wanaosema basi mazoezi yaachwe siwaungi mkono. Miaka miwili ni michache kwa ugonjwa unaojijenga polepole. Jopo la jarida la Lancet, mwaka 2024, lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia. Kutoushughulisha mwili limo, sambamba na shinikizo la damu, kisukari, usikivu hafifu na upweke. Kutembea husaidia kushusha presha na sukari, mishipa ikatunzika na hatari ya kiharusi ikapungua. Njia hii naiamini kuliko habari za ubongo kukua.

Nchini Finland utafiti wa watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 ulichanganya mazoezi, lishe, mafunzo ya akili na ufuatiliaji wa presha na sukari. Baada ya miaka miwili, waliopata yote hayo walifanya vizuri zaidi kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Huwezi kulichomoa moja ukasema ndilo lililofanya kazi.

Kwa hiyo, kwa wazee wetu, kipimo cha presha kitangulie viatu vya mazoezi. Baraza la kahawa na bao nalo lisiitwe uvivu; lina watu na lina hesabu, ingawa halitoshi kwa moyo. Shirika la Afya Duniani huwashauri wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kutunza mizani ya mwili, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Hili tunalisahau sana, na mzee akivunjika nyonga hata hayo matembezi ya Raskazone yanakwisha.

Na kama amechanganyikiwa ndani ya siku chache tu, msimpangie matembezi. Maambukizi ya mkojo, malaria, sukari iliyoshuka au dawa mpya vinaweza kumvuruga mzee akili, na hivyo vinatibika. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.