Bibi Harusi Amerudishwa Stoo

Ofisi yetu jijini Dar es Salaam hukodisha viti, meza, maturubai, vitambaa, jenereta na magari ya kubebea maharusi, na kwa miaka mingi mambo yote hayo yaliendeshwa kwa kaunta buku moja nene iliyolala kwenye droo ya mtunza stoo. Mtunza stoo wetu ni mzee ambaye sote tunamwita Babu, na kaunta buku ile ilikuwa na sifa moja kubwa: hakuna aliyeweza kuisoma isipokuwa yeye. Basi mwenye kampuni, ambaye sisi humwita Madam, alipotoka kwenye semina moja ya wajasiriamali, alitutangazia kwamba kuanzia siku hiyo kila harusi itakuwa na ukurasa wake katika programu ya kusimamia kazi, kila mfanyakazi ataufungua kwenye simu yake, na hata mteja atakaribishwa humo kama mgeni ili ajionee mwenyewe kazi ilipofikia. Hilo la mteja ndilo lililotuponza.

Kabla sijafika kwenye harusi yenyewe, ni lazima nieleze ukurasa huo ulivyo, kwa kuwa asiyeujua hataelewa jinsi mtu mzima mwenye akili timamu anavyoweza kuzunguka humo mpaka akapotea. Upande wa kushoto kuna majina ya miradi, yaani harusi zetu. Ukigusa jina mojawapo, katikati panajaa kadi. Kila kadi ni kazi moja, na ndani yake kuna jina la anayehusika, tarehe na saa ya mwisho, pamoja na orodha ya kazi ndogondogo za kuwekea tiki. Juu kabisa kuna vichwa vya kubofya: orodha, ubao, kalenda, na kingine kinachoonyesha kazi kama mistari mirefu iliyolala. Mwanzoni nilisadiki kwamba hizo ni sehemu nne tofauti, nikawa naandika "Keki" kwenye orodha, kisha naiandika tena kwenye ubao, na kwa usalama zaidi naiandika kwenye kalenda, hadi mpishi wa keki, ambaye naye alikuwa akipelekewa taarifa kwa barua pepe, akapiga simu kuuliza kwa adabu kama bwana harusi anaoa wake watatu siku moja. Kumbe kadi ni zilezile, na ukiiandika mahali pamoja inaonekana kote.

Ule ubao, nilikuja kuambiwa, asili yake ni kadi zilizotumika katika viwanda vya Toyota huko Japani, ambako mhandisi Taiichi Ohno alizitumia ili kifaa kisitengenezwe kabla hakijahitajika. Na ile mistari iliyolala inaitwa kwa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919. Sina shaka wote wawili walikuwa watu makini. Sina shaka pia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewaza kumpanga bibi harusi kwenye safu moja na maspika.

Maana sisi ndivyo tulivyofanya. Kijana wa chuo aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo ndiye aliyetutengenezea ubao wenye safu tano: "Imeagizwa", "Ipo stoo", "Ipo kwenye gari", "Ipo ukumbini" na "Imerudishwa stoo". Kwa kuwa majina marefu yalikuwa yakikatwa kwenye kioo cha simu, aliyafupisha yote bila huruma: "Vitambaa vya meza" vikawa "Vitambaa", "Jenereta kubwa" ikawa "Jenereta", na "Gari la bibi harusi" ikawa "Bibi harusi". Kisha, kabla ya kurudi chuoni, akatuachia zawadi ya kanuni mbili zinazojiendesha zenyewe. Ya kwanza ilisema kwamba kazi ndogo zote za kadi zikishawekewa tiki, kadi ihamie yenyewe kwenye safu ya "Imerudishwa stoo". Ya pili ilisema kwamba kadi yoyote ikiingia kwenye safu hiyo, ifunguliwe kazi mpya ya kufua, kukausha, kukunja na kuhesabu, na apewe kijana wetu wa kufulia. Kwa vitambaa vya meza, kanuni hizo ni za busara kabisa.

Mteja wetu Jumamosi hiyo alikuwa kamati ya harusi, na mgeni wake ndani ya ukurasa alikuwa mama mkubwa wa bibi harusi, mweka hazina wa kamati na mkaguzi wa hesabu mstaafu. Wateja wengine hupokea taarifa za programu na kuziacha zijae vumbi. Yeye alizisoma zote, kwa miwani, na pale asiporidhika aliandika maoni yanayoanza kwa neno "Fafanua".

Siku hiyo tulikuwa ndani ya kirikuu kwenye Barabara ya Bagamoyo, viti vimerundikwa nyuma mpaka vimelipita paa, tunaelekea ukumbini Mbezi Beach. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni karibu na Lugalo simu yangu ilipoita.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, binti yetu yuko stoo ipi?"

Nilidhani mtandao umekata neno. Nikamwomba arudie, naye akarudia kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuwahoji wahasibu wengi, halafu akanisomea taarifa iliyomfikia kwenye simu: kadi "Bibi harusi" imehamishwa kutoka "Imeagizwa" kwenda "Imerudishwa stoo". Akaeleza kwamba ameipigia simu ya binti, haipatikani. Ameipigia ya matroni, inaita tu. Na kwamba, kwa kuwa jambo hilo limemtatiza, amekwisha kuipiga picha taarifa hiyo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati ili wanakamati watoe mawazo yao.

"Na tena," akasema, "nani huyu anayetaka kumfua?"

Nikamwambia kwamba ni hitilafu ndogo ya mtandao na kwamba ninaishughulikia sasa hivi. Hapo ndipo nilipofungua ukurasa wa mradi kwenye simu, nikakuta hauna kitu. Hapakuwa na kiti, turubai wala keki. Palikuwa na mchoro wa mtu anayepunga mkono, na maneno ya kunipongeza kwa kumaliza kazi zangu zote. Kwenye kompyuta ya ofisini ningejua la kufanya, lakini kwenye simu mambo yote yamejificha: vichwa vya juu vimefichwa chini ya mshale, menyu imefichwa nyuma ya nukta tatu, na ubao unaonyesha safu moja tu kwa wakati, hivyo inakubidi uisukume kwa kidole kama mtu anayepanguza kioo cha gari. Nilihangaika hadi Tangi Bovu ndipo nikaona, pembeni, alama ndogo ya chujio yenye rangi ya buluu. Chujio lilikuwa limewashwa lionyeshe kadi zenye jina langu pekee, na wakati huohuo programu, kwa mazoea yake, ilikuwa ikizificha kadi zilizokamilika. Bibi harusi hakuwa na jina langu, na kwa maoni ya programu alikuwa amekamilika. Kwa hiyo alikuwa amefichwa mara mbili.

Kwa haraka nikaona njia ya mkato ni kutafuta. Nikaandika "Bibi harusi" kwenye kisanduku cha kutafutia, na kisanduku kile, ambacho hakitafuti ndani ya mradi mmoja bali katika miradi yote ya kampuni, kikaniletea bibi harusi wote tuliowahi kuwahudumia tangu tuanze kutumia programu. Chini ya kila mmoja palikuwa na jina la mradi wake, isipokuwa kwamba kioo kilikuwa kinalikata jina hilo baada ya maneno "Harusi ya…", na harusi zetu zote zinaanza na maneno hayo. Dereva alichungulia kioo changu, akatikisa kichwa, akasema, "Kaka, hapo chagua tu mmoja, watu wanasubiri."

Wakati huo kundi la kamati lilikuwa limechangamka. Shangazi mmoja alitaka maombi yaanze mara moja. Mwingine aliuliza kama stoo hiyo ina hewa ya kutosha. Kisha baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa maneno machache, ambaye katika vikao vyote vya kamati alikuwa hajachangia wazo hata moja, akaandika: "Kama amerudishwa, tunaomba kujua utaratibu wa kurudisha mahari." Alisema baadaye kwamba alikuwa anatania. Upande wa bibi harusi haukuona dalili yoyote ya utani.

Nilimpata bibi harusi wetu baada ya kulizima chujio, kuziamuru kadi zilizokamilika zijitokeze, na kurudi kwenye ubao wenyewe badala ya kutafuta. Nikaifungua kadi, nikashuka mpaka chini kabisa ambako kuna kumbukumbu ya kila aliyegusa kitu na saa aliyokigusa. Sehemu hiyo watu wengi hawaifikii, kwa kuwa iko chini ya maoni, na maoni ya Mama Mkubwa yalikuwa mengi. Na humo nikasoma kisa kizima, mstari kwa mstari.

Jana yake usiku, mtu fulani aliweka saa ya kumchukua bibi harusi saluni: 6:00. Alimaanisha saa sita mchana, kama ambavyo binadamu yeyote aliyelelewa pwani hii angemaanisha. Lakini programu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo ilielewa saa kumi na mbili alfajiri, na ilipofika hiyo saa kumi na mbili bibi harusi yumo kitandani bado amelala, kadi ikageuka nyekundu: imechelewa. Saa moja Babu alifika stoo. Kwenye kikao cha Ijumaa Madam alikuwa ametuonya kwamba hataki kuona kadi nyekundu ya mtu yeyote, na Babu si mtu wa kubishana na rangi; aliifungua kadi, akaona kazi ndogo zilizoandikwa "kumchukua saluni", "kumpeleka kanisani", "kupiga picha" na "kumfikisha ukumbini", akaziwekea tiki zote, na wekundu ukaondoka. Kanuni ya kwanza ikaona tiki zimetimia, ikamhamishia bibi harusi stoo. Kanuni ya pili ikamwona ameingia stoo, ikaagiza afuliwe.

Na yule aliyeweka 6:00 alikuwa Mama Mkubwa mwenyewe. Jina lake lilikuwa hapo, pamoja na kapicha kake amevaa miwani.

Sasa niulizeni kama nilimwambia. Mtu wa umri wa mama yangu, mkaguzi mstaafu, siku ya harusi ya binti yao, nianze kumfafanulia kwamba saa yake ndiyo iliyompeleka mtoto stoo? Nilimpigia, nikamwamkia upya, nikamhakikishia kwamba mtandao ulikuwa unasumbua na kwamba bibi harusi anatolewa stoo muda huohuo. Nikaikokota kadi kwa kidole mpaka kwenye "Ipo kwenye gari", kwa kuwa ndiyo safu niliyoona ya kistaarabu kuliko zote, na kabla sijashusha pumzi simu ikaita tena.

"Mwanangu, yuko kwenye gari lipi? Mimi nimefika saluni, niko naye hapa, yuko chini ya draya anakunywa soda."

"Samahani, mama. Hilo gari liko njiani."

"Basi andika hivyo. Gari ndilo liko njiani, siyo yeye. Fafanua."

Niliifafanua. Nilirudisha jina lote la "Gari la bibi harusi", nikaweka 12:00, nikaondoa tiki za Babu, na harusi ikaenda vizuri: matarumbeta yalifika kwa wakati, keki ilikuwa moja, na baba mdogo wa bwana harusi alicheza kuliko wote.

Kitu kimoja tu nilikisahau. Kuirudisha kadi nyuma hakukuifuta ile kazi ya kufua ambayo kanuni ya pili ilikuwa imekwisha kuifungua, nayo ikabaki kwenye orodha ya kijana wa kufulia, ambaye ni mtiifu na huwa hafuti kitu bila kuelekezwa. Siku ile aliandika humo, "Sijapokea. Naomba kujua rangi na idadi." Hakujibiwa. Wiki iliyofuata akaandika, "Bado sijapokea." Baadaye, kwa kufuata utaratibu wa stoo, akaiwekea alama ya "Imepotea", na Madam alipochapisha taarifa ya mwisho wa mwezi alituita sote, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti: viti vya plastiki, vimevunjika, vitambaa vyeupe, vimeungua kwa pasi, bibi harusi, mmoja, amepotea.

"Huyu alipotelea mikononi mwa nani?" akauliza.

Babu aliangalia dari. Kijana wa kufulia akasimama, akafungua simu yake, akauelekeza ukurasa kwa Madam ili aone kwamba yeye aliuliza rangi mapema.

"Madam," akasema, "mimi huyo sikumsainia."