Siri Haimlindi Fundi wa Mabango

Kona ya chini ya stika ilikuwa imejikunja kama jani lililokosa maji. Nilikuwa nimeichapa asubuhi, nikaifunika kwa laminesheni, yaani utando wa plastiki angavu wa kuikinga, alasiri ya siku hiyohiyo, na kesho yake nikaibandika juu ya ubao wa alumini niliokuwa nimeufuta kwa spiriti mara mbili. Kwa macho yangu kazi ilikuwa safi. Wiki chache baadaye kingo zote zilianza kuachia, na mteja akanipigia simu akiwa na kila haki ya kukasirika. Nililaumu gundi, nikalaumu roli la stika, nikalaumu jua. Nilipokosa cha kulaumu nilimpigia mzee mmoja wa kazi hii, ambaye tulikuwa tukijuana kwa salamu tu, nikamweleza jambo zima tangu mwanzo. Hakuniuliza aina ya mashine wala bei ya roli. Aliuliza: "Fundi, ulipomaliza kuchapa, uliiacha ipumue kwa saa ngapi?"

Sikuwa nimeiacha hata saa tano. Wino wa mashine yangu una kiyeyushi ambacho huendelea kutoka katika stika muda mrefu baada ya rangi kuonekana imekauka. Ukiifunika mapema, kiyeyushi kinakosa njia ya kutokea juu, kinashuka kwenye gundi na kuilainisha, na stika inaanza kujikunja pembeni. Dawa yake ni kuiacha wazi, bila kuiviringisha kwa kuibana, kwa muda ambao watengenezaji wengi hutaja kuwa saa 24 hadi 48. Maelezo hayo yamo hata katika karatasi zinazotolewa na watengenezaji wa stika, lakini karatasi hizo zinaeleza mambo mengi kwa pamoja, na mtu aliye katikati ya hasara hajui asome ukurasa upi. Mzee yule alijua kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuharibu kazi kwa njia hiyohiyo, na hakuona aibu kuniambia.

Tangu siku ile nimekuwa na maoni ambayo yamezidi kukomaa kadiri miaka inavyopita: ushirika wa kweli kati ya mafundi wa mabango hujengwa juu ya makosa yaliyowekwa mezani. Hauji kwa kubadilishana kadi za biashara, wala kwa kupiga picha za pamoja mbele ya kazi zilizopendeza. Kazi iliyopendeza kila mpita njia anaiona. Kisichoonekana ni namna ilivyokaribia kuharibika, na hicho ndicho mwenzako anachokihitaji.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kazi yetu kwa sababu bango moja ni kazi ya mikono mingi hata linapotengenezwa na mtu mmoja. Anayetengeneza herufi zenye taa ndani anatakiwa ajue kuchora, kukata akriliki (plastiki ngumu ya mabango), kukunja bati, kuunganisha umeme, na kutoboa ukuta bila kuupasua. Hakuna mtu aliyezaliwa akiyajua yote hayo, na maisha ya kazi hayatoshi kuyajifunza yote kwa kukosea peke yako. Chukua mfano wa taa za LED za volti 12. Fundi anaziunganisha kwa mfululizo mrefu, herufi baada ya herufi, na usiku unapoingia anakuta herufi za mwanzo zinang'aa huku za mwisho zimefifia. Aliyelelewa katika kuchora atadhani taa ni mbovu, au atanunua kigeuza umeme kikubwa zaidi, na tatizo litabaki palepale. Aliyelelewa katika umeme atamwambia kwa dakika moja kwamba volti zinapungua kadiri umeme unavyosafiri katika waya mwembamba, kwa hiyo agawe mfululizo ule katika vipande vifupi, na kila kipande akipe waya wake kutoka kwenye chanzo. Mmoja ana jicho la herufi na mwingine ana akili ya umeme. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Ninajua kwamba wengi wetu tulilelewa katika hali ya kufichana. Kuandika kwa dhahabu juu ya kioo, kwa mfano, kulilindwa katika karakana nyingi kama urithi wa ukoo. Jani la dhahabu ni jembamba kiasi kwamba pumzi moja hulirusha, na vijitabu vyake huuzwa vikiwa na majani 25. Haligusiki kwa kidole. Fundi hupitisha brashi bapa ya manyoya laini juu ya shavu lake ili ichukue mafuta kidogo ya ngozi, kisha akaligusa jani, likaning'inia kwenye ncha za manyoya. Gundi yake ni maji yaliyoyeyushiwa jelatini kidogo sana, na herufi huandikwa upande wa ndani wa kioo zikiwa zimegeuzwa, ili anayepita nje azisome sawasawa. Ukishayaona haya yakifanywa mara moja karibu na bega la mwenye kazi, unaweza kuanza kujaribu. Usipoyaona unaweza kuzunguka miaka mingi, na kila jani linalokatika ni fedha iliyopotea.

Ndiyo maana ninaheshimu walichokifanya vijana saba waliokuwa wakijifunza kuchora mabango katika eneo la Denver, Marekani, ambao mwaka 1975 walianza kukutana ili kufundishana. Walijiita Letterheads. Kila aliyejua kitu alikionyesha, na asiyejua aliuliza. Mikutano ya namna hiyo ikaenea hadi nje ya nchi yao, ikiwa na desturi ya watu kukaa pamoja na kufanya kazi kwa mikono badala ya kusikiliza hotuba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashine za kukata stika zinazoongozwa na kompyuta zilianza kuingia katika karakana, na herufi zilizokuwa zikichukua siku nzima kwa brashi zikakatwa kwa dakika chache. Wachoraji wengi waliacha brashi. Kama ujuzi wa brashi na wa dhahabu ungebaki umefungiwa vifuani mwa wazee wachache, ninaamini sehemu kubwa yake ingezikwa pamoja nao. Leo wateja wanautafuta tena, na wanawakuta watu wanaoujua, kwa sababu kulikuwa na mafundi walioamua kuutoa bure.

Sasa nije kwenye hofu, kwa maana ndiyo inayotuzuia. Fundi atasema: nikimfundisha jirani yangu atachukua wateja wangu kwa bei ya chini. Siipuuzi hofu hiyo, na niliwahi kuisema mwenyewe. Lakini nimewatazama kwa karibu wale wanaouza kwa bei ya kutupa, na mara nyingi nimekuta si watu waliojifunza mengi mno, bali ni watu ambao hawajafundishwa kuhesabu. Wanahesabu mita za stika na wino, basi. Hawahesabu saa walizokaa wakichora na kuchora upya, mabaki yaliyotupwa, kisu cha mashine kilichokwisha makali, safari ya kwenda kupima ukuta, na safari ya pili ya kurudi kurekebisha. Mtu wa namna hiyo anaharibu soko bila kujua, na kabla hajaliharibu soko anakuwa ameshajiharibia mwenyewe. Ukikaa naye jioni moja mkaipitia kazi yake ya mwezi uliopita mstari kwa mstari, bei yake itapanda bila wewe kumwomba aipandishe.

Nisieleweke vibaya hapa. Kufundishana kuhesabu gharama ni jambo moja, na mafundi kukaa chumbani wakapanga bei ambayo hakuna atakayeuza chini yake ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili linakatazwa na sheria za ushindani katika nchi nyingi, na hata pale lisipokatazwa mimi silitaki, kwa kuwa linamgeuza mteja kuwa adui wa ushirika wetu. Kila mmoja na apange bei yake akijua gharama zake.

Kidonda kingine, ambacho kwangu kinauma kuliko bei, ni michoro. Mteja anakuja, anaomba achorewe bango, unakesha ukipanga herufi, nafasi na rangi, unamtumia ili atoe maoni yake, kisha ananyamaza. Miezi miwili baadaye unapita barabarani na kuliona bango lile limesimama, herufi kwa herufi, limetengenezwa na mwingine. Limenitokea, na nilijua ni nani aliyelitengeneza. Nilipomfuata alisema mteja alimletea faili na hakuuliza limetoka wapi. Ninaamini alisema kweli. Tangu hapo katika kundi letu dogo tumekubaliana jambo moja: mteja akija na mchoro uliokamilika, swali la kwanza ni "Nani alikuchorea?" Kama aliyeuchora ni mwenzetu, anapigiwa simu kabla mashine haijawashwa. Wakati mwingine anajibu kwamba alishalipwa na kazi iendelee. Wakati mwingine mteja anarudishwa kwa mwenye mchoro akalipe. Ni jambo dogo, lakini limerudisha imani kati yetu kuliko mikutano yote mikubwa niliyowahi kuhudhuria.

Sina ugomvi na maonyesho makubwa ya biashara yetu. Ni vizuri kuona mashine mpya ikifanya kazi, na ni vizuri kukutana na wauzaji wa vifaa. Hata hivyo, anayeuza mashine hawezi kuwa mtu wa kukueleza itakavyokusumbua katika mwaka wake wa tatu. Hilo ataliweza aliyeinunua kabla yako. Mkutano ninaoupendekeza ni wa watu wanane au kumi, ndani ya karakana ya mmoja wao, jioni moja, kila mtu akiwa amebeba kazi moja iliyomshinda. Kazi inawekwa mezani, inashikwa, inapinduliwa, inanuswa ikibidi, na mwenye kazi anaeleza alichofanya bila kupamba.

Na katika mikutano hiyo wasialikwe wenye karakana peke yao. Mbandikaji anayepanda ngazi anajua mambo ambayo tajiri wake hayajui. Yeye ndiye aliyeona skrubu zimetafunwa na kutu na plasta iliyobaki hewani. Yeye ndiye anayeelewa, kwa mwili wake, kwamba upepo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu yake juu ya bango inaongezeka mara nne, na kwamba bango kubwa lililofungwa kwa mazoea linaweza kumwangukia mtu asiye na habari. Nimeona mikutano ambako watu wa aina hii waliachwa nje wakilinda magari, na kwa kweli niliona haya.

Kuhusu kupeana kazi nina msimamo mkali kidogo. Mimi sikunji kioo cha neoni, yaani taa za mabomba ya kioo yenye gesi inayong'aa. Tangu mvumbuzi Mfaransa Georges Claude alipoonyesha taa hizo hadharani mjini Paris mwaka 1910, kazi hiyo imebaki ya moto, mkono na pumzi: kioo kinalainishwa juu ya moto, na anayekikunja anapuliza polepole kupitia mpira ulio mdomoni mwake ili bomba lisibonyee kwenye kona. LED zimechukua sehemu kubwa ya soko lake, na wanaoijua wamekuwa wachache. Mteja akitaka neoni halisi ninampeleka moja kwa moja kwa anayeiweza, nikitaja jina lake, bila kuchukua kipande cha fedha kwa siri. Na ikitokea kazi ni yangu na mwenzangu amenifanyia sehemu tu, ninamlipa anapomaliza sehemu yake. Simwambii angoje mpaka mteja anilipe. Aliyekubaliana na mteja ni mimi, kwa hiyo hatari ya kucheleweshewa malipo ni yangu. Fundi anayewasubirisha wenzake kwa miezi kisha akawaita kwenye kikao cha umoja wa mafundi anawaomba kitu ambacho yeye hakitoi.

Ile kona iliyojikunja niliikata kabla ya kuibandua stika yote na kuibadilisha kwa gharama yangu. Ipo ndani ya boksi, pamoja na herufi ya akriliki iliyopasuka kwa skrubu iliyokazwa mno na kipande cha kioo ambacho dhahabu yake ilitoka madoadoa. Boksi hilo ndilo ninalokwenda nalo kwenye vikao vyetu. Kijana mgeni akija ninampa kona ile aishike, ninampa muda aigeuzegeuze, kisha ninamuuliza anadhani iliachwa ipumue kwa saa ngapi.