Prosesa pepe 4,096: sisi wa Lubumbashi zinatuhusu nini?

KVM ni sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta halisi, tangu 2007. Kwa prosesa za aina ya Intel na AMD, iliongezewa chaguo jipya katika toleo la kerneli la 6.7, Januari 2024. Anayejenga kerneli anaweza kuruhusu mashine pepe moja ipate prosesa pepe, yaani prosesa za kuigiza, hadi 4,096. Asipogusa kitu, kikomo kinabaki 1,024 kilichowekwa 2021. Kabla ya mwaka huo kilikuwa 288.

Wanaotaka kikomo kiongezwe wana hoja nzito. Prosesa ya EPYC 9754 ya AMD, iliyotoka 2023, ina nyuzi 256, yaani njia za kazi ambazo kerneli huzihesabu kama prosesa 256. Ukifunga mbili kwenye seva moja unapata 512, na kwa kikomo cha 288 usingeweza kuipa mashine pepe moja seva nzima. Kampuni ya HPE nayo imeuza mashine ya soketi 16 (nafasi za kufungia prosesa) yenye nyuzi 1,920, ambayo hata 1,024 haiitoshi.

Gharama ya kuongeza kikomo hailipwi na mwenye mashine kubwa peke yake. KVM hutunza orodha za alama, biti moja kwa kila prosesa inayoruhusiwa, iwe inatumika au la. Kwa 1,024 orodha ni baiti 128; kwa 4,096 ni baiti 512, na baadhi huwekwa kwenye staki ya kerneli, kumbukumbu yake ndogo ya muda, ambayo yote ni kilobaiti 16 tu. Ndiyo maana naona waundaji wa KVM walifanya vizuri kuliacha jambo hili liwe hiari.

Hapa Lubumbashi kikomo cha kerneli si tatizo letu. Tatizo ni ugawaji. Chukua seva ya nyuzi 16: mteja wa kwanza anataka prosesa pepe nane, wa pili nane, wa tatu na wa nne vilevile, na fundi anakubali kwa sababu programu haikumkatalia. Sufuria kubwa haiongezi unga wa bukari. Wote wakifanya kazi kwa wakati mmoja, prosesa pepe iliyoshika kufuli ya kerneli (ruhusa ambayo moja tu huishika kwa zamu) inasimamishwa, na wenzake wanazunguka bure wakiisubiri ifungue. Ingia ndani ya mashine pepe, fungua top, programu inayoonyesha matumizi ya prosesa, soma namba iliyo kando ya "st": huo ndio muda ambao prosesa ilitaka kufanya kazi ikanyimwa. Ikikaa kwenye asilimia 20 au 30, kuongeza prosesa kutazidisha ubaya.

Lakini kuna faida moja ambayo mtu asiye na mashine kubwa anaipata pia, na mimi ndiyo inayonivuta upande wa wanaotaka kikomo kiongezwe. Aina ya data ya cpu_set_t, ya glibc (maktaba ya msingi ya programu za Linux), ina nafasi ya prosesa 1,024 tu. Programu inayoitegemea ikiita sched_getaffinity, kuuliza inaruhusiwa kutumia prosesa zipi, kwenye kerneli yenye prosesa nyingi zaidi, inarudishiwa kosa la EINVAL, yaani ombi si sahihi. Kwa kikomo kipya, mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuwasha mashine pepe inayozidi 1,024, akavumilia uzito wake, na kosa hilo akaliona kwenye skrini yake mwenyewe kabla mteja wa mbali hajakutana nalo.