Mvua Iliponyesha Juu ya Dagaa wa Mama

Mama yangu alikuwa akianika dagaa kwenye mwalo wa Igombe, pale mitumbwi inapotia nanga ziwani, Mwanza. Ni kazi ya hesabu nyembamba. Alfajiri mitumbwi ikirudi unachukua mabeseni yako, unamwaga dagaa mchangani, unashinda ukiwageuza. Jua likiwaka, jioni una mzigo wa kupeleka soko la Mwaloni Kirumba. Ikinyesha wakiwa bado wabichi, wanabadilika rangi, wanakatika vichwa, na bei inashuka hadi ya chakula cha kuku.

Mwaka niliotakiwa kuanza kidato cha kwanza, ilinyesha. Mimi nilishika pembe moja ya turubai, mama pembe nyingine, upepo wa ziwani ukalipeperusha. Mabeseni manane, yote ya mkopo. Mama alisimama akiwatazama dagaa wanavyoelea kwenye madimbwi, nguo zimemgandama mwilini. Halafu akasema, "Mvua ni ya Mungu, na dagaa ni wa Mungu. Twende tukale, mwanangu." Usiku ule alilala. Mimi nilikesha nikisikiliza pumzi zake.

Kulala kule kulinishangaza kwa miaka mingi. Lakini leo naona imani yake ilionekana zaidi asubuhi yake, aliporudi mchangani na kuwaeleza wanawake wenzake kila kitu: deni, ada, sare ambayo haikuwepo. Nilitamani ardhi inimeze. Tajiri wa mtumbwi alimwachia mabeseni mawili, alipe giza likiisha. (Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika, watu wa mwalo huhesabu madeni yao kwa mwezi wa angani.) Mama mmoja alitoa tranka. Mwingine alileta sketi ya binti yake, imepigwa pasi. "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, mama akasema kwa kila mmoja, na ada ikalipwa kidogo kidogo.

Hakuna muujiza hapo wa kupigiwa makofi. Lakini naamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu ndiye aliyetoa.

Ndiyo maana naumia ninapowasikia wahubiri wakimwambia mama muuza nyanya apande mbegu ya fedha ili afunguliwe milango. Riziki ya Mungu haiuzwi. Katika sala tuliyofundishwa tunaomba riziki ya leo, na mana jangwani iliokotwa ya siku kwa siku; aliyeiweka akiba hadi kesho yake aliikuta ina mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato.

Wala sitamwambia mtu yeyote kwamba ukiamini hutapatwa. Mwanza tunajua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na mji huu, mamia ya watu wakafa, na makaburi yao yapo Igoma. Waliokuwa melini waliomba. Waliobaki nyumbani waliomba pia. Sina jibu la hilo, na anayejifanya analo simwamini. Ninachokijua ni kwamba mfiwa naye ana mahitaji, na mtu anayekuja kukaa naye mkekani bila kusema neno, siku ya kumi, wengine wakiwa wameshaondoka, ametumwa.

Mimi nilimwamini Mungu kwa fedha mapema, kwa sababu ya mama. Kwa ndoa yangu sikumwamini. Mume wangu alipopoteza kazi tulikaa miezi mitano tukiigiza: tunatabasamu kanisani, tukifika nyumbani hatusemezani. Kila usiku niliomba Mungu aingilie kati, na kila aliyegonga mlango nilimwambia hatujambo. Sasa nauliza, angepitia wapi? Siku mzee mmoja wa jumuiya alipomshika mume wangu mkono na kumwambia, "Kaka, hata mimi nilikaa miaka miwili," mume wangu alilia, na usiku huo tuliongea hadi jogoo wa kwanza.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwetu. Kwa kodi ya fremu ninayouzia vitenge nimepungukiwa laki moja na nusu, na binti yetu wa pili ana wiki tatu hataki kuongea na baba yake. Nimeshafagia uani na kuazima mikeka miwili. Wakifika kwenye nia za maombi, nitayasema yote mawili.