Siku Jemedari Alipoota Masharubu

Watoto walipoanza kudai sungura, nilisema wazi kwamba kazi ya kumchagua simwachii mtu. Mke wangu angechagua kwa huruma, watoto wangechagua kwa rangi, mimi ningechagua kwa elimu. Nikakesha siku mbili na simu mkononi nikisoma habari za sungura, mpaka macho yakawa mekundu kama ya wale weupe.

Nilisoma mengi. Kwamba sungura anaweza kuishi miaka 8 hadi 12, yaani huyu wetu angeweza kuwepo hadi kifungua mimba wangu aanze kunyoa ndevu. Kwamba wale wadogo wadogo wanaotamaniwa na watoto mara nyingi ndio wenye wasiwasi, ukiwagusa wanaruka, na wale wakubwa wenye miili yao ndio hutulia. Kwamba meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo usipompa nyasi kavu za kutosha atajitafutia cha kutafuna mwenyewe. (Alijitafutia. Waya wa chaja yangu, wiki ya kwanza. Tuendelee.)

Na kubwa kuliko yote, nilijifunza kutambua dume na jike. Unamgeuza taratibu, unabonyeza kidogo pale karibu na mkia. Ukiona kitundu cha duara, dume. Ukiona mpasuko, jike. Nikakariri: duara dume, mpasuko jike. Duara dume, mpasuko jike. Hata bafuni nilikuwa naiimba.

Kwa mfugaji tulikuta banda zima limejaa. Kitinda mimba akaganda mbele ya kile kidogo kuliko vyote, kimejikunja kwenye kona kinatetemeka. "Huyo hapana," nikasema, "anayejificha leo atajificha miaka 10." Nikaanza ukaguzi. Macho maangavu, pua kavu, masikio safi, meno ya mbele yamekutana sawasawa. Nikapiga magoti kukagua hata kinyesi: vimekauka, viduara, vinalingana kama shanga. Vizuri.

"Baba Amani," mke wangu akaniita kwa upole, "tunachukua sungura au tunaajiri mlinzi?"

Nikiwa bado nimepiga magoti, sungura mmoja mkubwa wa kijivu akatoka kundini kwa hiari yake, akanusa kiatu cha kitinda mimba, akashika kamba kwa meno na kuifungua. Watoto wakapiga kelele kwamba ni huyohuyo. Nami nikatamka kwa sauti ya bwana mkubwa kwamba ndivyo inavyotakiwa, sungura mzuri hukufuata mwenyewe. Miezi mitano, mfugaji akasema. Dume au jike?

"Hapo kwa kweli huwa nakosea hata mimi," akasema. "Mpeleke kwa daktari wa mifugo, ndiye mwenye uhakika."

Daktari wa nini, na mimi nipo? Nikamnyanyua. Sasa, kwenye simu kulikuwa na picha ya mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine umebeba makalio. Mimi kwa haraka yangu nikatumia mmoja. Miguu ya nyuma ikatua tumboni mwangu mara mbili mfululizo, na vifungo viwili vya shati vikaniaga.

"Mshike makalio, mzee! Miguu isining'inie, ataruka hivyo avunjike uti wa mgongo!"

Nikamshika makalio. Nikamgeuza, nikabonyeza, nikainamisha kichwa kuangalia. Nilichokiona hakikuwa duara. Hakikuwa mpasuko pia. Ningeulizwa leo ningesema kilifanana na alama ya mkato. Nikainua macho: mke, watoto wawili, mfugaji na kijana wake, wote wananitazama wakisubiri hukumu.

"Dume," nikasema.

Hivyo akaitwa Jemedari.

Wiki mbili zikapita kwa amani, ukiacha chaja na ugomvi mdogo kati yangu na mke wangu kuhusu soksi yangu ya kijivu. Nilishikilia kwamba imepotelea kwenye nguo zilizofuliwa. Yeye alishikilia kwamba mtu mzima huzitunza soksi zake mwenyewe. Jemedari alikuwa akifunguliwa kila jioni atembee ndani, akishafurahi anaruka juu na kujipinda hewani, watoto wanacheka mpaka wanakaa chini.

Jioni moja kifungua mimba akaja mbio. "Baba, njoo uone, Jemedari ameota masharubu!"

Na kweli. Alikuwa amejaza mdomo nyasi kavu, amezishika kati kwa kati, zimetokeza huku na huku kama masharubu ya afande wa zamani. Anatembea nazo sebuleni kwa hatua za kuhesabu, kichwa juu, hatazami mtu. Tulicheka hadi machozi. Nikampiga picha, nikaituma kwa ukoo mzima: Jemedari amepandishwa cheo.

Akaingia chini ya kitanda chetu, akatoka mdomo mtupu. Akarudi kwenye nyasi, akaota masharubu mengine. Akaingia tena. Safari ya nne kicheko kilinikatikia kooni, maana aliposimama njiani kupumzika aliinamisha kichwa kifuani, akang'oa manyoya yake mwenyewe kwa meno, tonge zima, akayabeba. Masharubu sasa yalikuwa na ndevu.

Nikarudi kwenye simu. Nikasoma. Nikasoma tena polepole.

"Mama Amani," nikaita, "Jemedari ana mimba."

"Jemedari dume?"

"Huyohuyo."

Mtu mwingine angenyamaza siku hiyo. Mimi nilirudi kwenye utaalamu kabla supu ya aibu haijapoa. Nikawakusanya watoto nikawaeleza kwamba mimba ya sungura ni siku 31 hivi, kwamba lazima alitoka nayo kwa mfugaji, kwamba jike akishang'oa manyoya kuandaa kiota basi muda wowote. Watoto wa sungura huzaliwa uchi, macho yamefumba, huyafumbua baada ya siku kama 10. Mama yao hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kisha anaondoka zake. Hapo mke wangu aliguna kwa wivu.

Kifungua mimba akaandika majina manane. Mimi nikapiga simu. Kufikia usiku nilikuwa nimeshagawa watoto watano kwa ndugu na majirani.

"Mimi niwekee jike," shangazi akasema.

"Usijali shangazi, nitakuchagulia mwenyewe."

Usiku wa pili, saa tisa, tukaamshwa na kishindo chini ya kitanda. Du! Kimya. Du! Ni mguu wa nyuma, ndivyo sungura wanavyotoa tahadhari, lakini mimi nilisikia uchungu wa kuzaa. Nikaruka na tochi. Watoto wakaja wamebeba taulo, nani aliyewaambia taulo sijui. Jemedari alitoka akanipita kwa dharau, akaenda kunywa maji.

Nikalala kifudifudi, nikanyoosha mkono hadi kwenye kiota. Manyoya laini ajabu, na joto. Vidole vikazama. Chini ya manyoya kulikuwa na kitu. Kilaini, kina joto, kimejikunja.

"Yupo!" nikanong'ona. "Mmoja! Yuko hai!"

Kitinda mimba akaanza kulia kwa furaha. Nilisoma kwamba hawashikwishikwi, lakini ukoo ulikuwa unasubiri picha. Nikamvuta taratibu kwa vidole viwili. Akaja. Akazidi kuja. Alikuwa mrefu kuliko nilivyosoma. Kisha kikafuata kisigino, na tundu langu ninalolijua la kwenye kidole gumba.

Mke wangu akammulikia tochi.

"Hongera," akasema. "Amefanana na baba yake."

Kulipokucha tulikwenda kwa daktari wa mifugo. Alimpapasa Jemedari tumbo kwa utulivu, mikono miwili, kama kwenye ile picha, akasema hamna kitu humu. Hii ni mimba hewa. Nikamwambia wafanyakazi hewa nawajua, mimba hewa sijawahi kuisikia. Akaeleza kwamba jike la sungura halipevushi mayai kwa mpangilio wa siku, mayai hushuka anapopandwa, na hata akipandwa na jike mwenzake bandani mwili unaweza kudanganyika. Basi anakaa siku 17 hivi akiamini ana mimba, na mwisho wake ndiyo hayo masharubu.

"Nani aliwaambia ni dume?" akauliza.

Familia yangu yote ikatazama upande mmoja.

"Wa miezi mitano," daktari akasema, "angekuwa dume korodani zingeonekana bila hata kutafuta. Hukuona kwamba hazipo?"

"Nilidhani huwa zinakuja baadaye."

Daktari akaandika kitu kwenye daftari lake kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Wale wanne niliwapigia simu. Shangazi sikumpata hewani, na Jumamosi akatokea mlangoni na kikapu kimetandikwa kitambaa kipya, amekuja kuchagua wake mapema kabla hawajaisha. Nikamkalisha, nikamweleza yote, soksi nikaipitia harakaharaka. Jemedari alikuwa katikati ya sebule anakula nyasi za kiota chake, mambo yamekwisha.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akakiweka kikapu chini.

"Kwa hiyo huyu ni dume au jike?"

"Jike, shangazi."

"Kasema nani?"

"Daktari."

"Aa," akasema, akaegemea kiti. "Basi sawa."